Msitu Umfae Mwenye Kuulinda

Sisi watu wa visiwani twajenga nyumba na vyombo kwa mbao zitokazo Bara. Kwa hiyo misitu ya Kibondo na Kasulu yatuhusu. Miombo ya huko huwapa wananchi mbao za mninga, asali na nta. Imebeba pia mzigo mzito: kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, ile ya Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015, na maelfu ya watu wakategemea kuni.

Wapo wanaodhani kwamba kuhifadhi msitu ni kumfukarisha mwanakijiji. La hasha! Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kule Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora mwaka 2009, na mpingo ukauzwa kwa faida ya wenyeji.

Lakini kijiji kisicho na mipaka iliyopimwa wala mpango wa uvunaji hakina cha kudai. Magogo hupita na faida humwendea mchuuzi. Mninga huchukua miongo mingi kukomaa. Marufuku peke yake haitoshi. Tunawataka maofisa wa wilaya wavikamilishie vijiji mipango hiyo, kwani anayefaidi msitu ndiye atakayeulinda.