Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA: mpimeni fundi kwa mtambo uliokufa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi umeme, nina karakana ndogo hapa Singida mjini, na kila mwaka napokea vijana wa vyuo vya ufundi wanaokuja kwa mafunzo ya kazini. Sola inaingia vijijini kwetu kwa kasi kubwa kuliko tunavyopata mafundi wa kuitunza. Kila linapozungumzwa jambo hili, dawa inayotajwa ni ileile: zianzishwe kozi za sola. Mimi naona dawa hiyo haitoshi, na ikitolewa vibaya itatuongezea ugonjwa.

Kuna kijiji hapa mkoani kilichochimbiwa kisima kirefu, kikafungwa pampu ya sola. Baada ya muda pampu ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mwishowe maji yakakata kabisa. Kamati ya maji ikaita fundi umeme. Akapima paneli, akakuta volti zimetimia, akasema upande wake mzima, waangalie pampu. Akaitwa fundi wa pampu. Mabomba yakavutwa kutoka kisimani moja baada ya jingine, kazi ya siku nzima na vijana wa kutosha, mota ikapimwa, ikaonekana nzima. Naye akasema upande wake mzima, waangalie kontrola. Waliouza kontrola wakataka ipelekwe Dar es Salaam. Watu wakarudi kununua maji ya punda.

Aliyeipata kasoro alikuwa kijana aliyesomea majokofu na viyoyozi. Pampu ilipokwisha kurudishwa kisimani aliiwasha, ndipo akapima. Mota ilipoanza tu kuvuta, zile volti zilizotimia zikaporomoka. Akaufuata waya kwa mkono hadi nyuma ya paneli, akakuta kiunganishi kimeyeyuka upande mmoja. Aliyekifunga alikibana kwa plaizi badala ya koleo lake maalumu, waya ukawa umeshikwa na nyuzi chache. Nyuzi hizo zinatosha kuipa mita volti za kuonyesha, lakini haziwezi kupitisha ampia za kuzungusha mota. Kikabadilishwa kiunganishi, maji yakatoka jioni ileile.

Kwa nini yeye? Nadhani ni kwa sababu ya fani yake. Jokofu likikataa kugandisha, kosa laweza kuwa thamosteti, kompresa, gesi iliyovuja, au mpira wa mlango uliochoka. Fundi wa jokofu hana nafasi ya kusema “upande wangu mzima” akachukua begi lake, maana mwenye jokofu anataka barafu. Anashika umeme, mota, gesi na joto kwa pamoja, na amezoea kuuliza mtambo mzima unafanya nini unapofanya kazi. Fundi wa nishati jadidifu tunayemhitaji wilayani anafanana na huyo kuliko anavyofanana nami niliyesomea umeme wa majumbani. (Nasema hivyo nikijua wenzangu wa fani watanuna.)

Sisi wa umeme wa majumbani tunaingia kwenye sola na mazoea yanayoweza kuua. Umeme wa gridi (AC) unabadili mwelekeo, na mara 100 kwa sekunde unapita sifuri, kwa hiyo cheche inayoruka ndani ya swichi hukatika yenyewe. Umeme wa paneli (DC) hauna sifuri hiyo. Ukifunga swichi ya kawaida ya nyumbani kwenye paneli zilizoungwa mfululizo hadi zikafika volti mia kadhaa, cheche itakayoruka siku unayozima inaweza kuendelea kuwaka mpaka plastiki ishike moto. Tena, sola haina meni swichi ya kuizima juani: kukiwa na mwanga, paneli zina umeme hata ukate kila kitu huku chini. Hata vifaa vyetu vinatudanganya. Klampu mita nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hupima AC peke yake. Uifunge kwenye waya wa paneli uliojaa mkondo, itakuonyesha sifuri, nawe utaushika.

Ndiyo maana naogopa kozi za wiki mbili. Zinamtoa kijana akijua kupandisha paneli juu ya bati na kuunga nyekundu kwa nyekundu. Taa ikiwaka anapewa cheti. Vishoka wa gridi tunao tayari, na kozi hizo zitatuzalia vishoka wa sola.

Hata jina “sola” ni dogo kuliko kazi yenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115 na mitambo tisa, lina wahandisi wake; silisemei. Nasemea huku chini. Kule Mwenga, Mufindi, kuna mtambo wa maji wa megawati 4 na mitambo ya upepo ya megawati 2.4 inayolisha mtandao uleule wa vijijini, na upungufu wa maji kiangazi au upepo kutulia ni jambo la kila siku kwa anayeuendesha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na sehemu ya hao watapikia majiko ya umeme ambayo yataharibika. Pikipiki za umeme nazo zinaingia mijini. Tukianzisha fani kwa kila chombo, tutakuwa na karakana nane, milango minane, na mafundi wanane wenye upande mzima.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ombi langu kubwa ni moja: badilisheni mtihani wa vitendo. Vijana wanaonijia ni wazuri sana wa kufunga. Mpe bodi, swichi, taa na mchoro, atakufungia kazi ya kupendeza. Mpe mtambo uliofungwa na mwingine, uliokufa, usio na mchoro, anasimama akikutazama. Simlaumu, hicho hakijawahi kumpa alama. Mwanafunzi husoma kinachoulizwa, na mwalimu hufundisha hichohicho. Nusu ya alama za vitendo zitolewe kwa kutafuta kasoro: chuo kifunge pampu, paneli, betri na inveta vinavyofanya kazi pamoja, mtahini aviharibu kwa siri sehemu mbili, moja ya umeme na moja isiyo ya umeme, halafu mwanafunzi aitwe. Atakayesema “upande wangu mzima” arudie.

Wapo watakaosema mshika mawili moja humponyoka. Wajerumani walikutana na swali hilo viwandani, na mwaka 1998 wakarasimisha fani ya mekatroniki, inayounganisha mekanika, umeme na elektroniki kwa fundi mmoja, kwa uanagenzi wa miaka mitatu na nusu. Mwanafunzi wake hagawanywi vipande. Anafundishwa mashine moja kuanzia nati hadi programu. Ninyi wenyewe mna mafunzo ya uanagenzi pacha, nusu chuoni nusu kazini. Njia ipo, kilichobaki ni kuielekeza kwenye nishati. Kikuletwa, chini ya Chuo cha Ufundi Arusha, wanafundisha nishati jadidifu pembeni ya kituo cha zamani cha umeme wa maji. Hao ndio wa kuwafunda walimu wa vyuo vya wilaya, maana mwalimu ambaye hajawahi kufungua inveta iliyoungua hawezi kutunga mtihani ninaousema.

Na msiwasahau mafundi wa mtaani mnaowapima kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Wengi wao tayari wanatengeneza redio, pampu na pikipiki kwenye benchi moja, na kwao kasoro ndiyo kazi ya kila siku. Wanachokosa ni nadharia ya DC na usalama wake. Wakiongezewa hiyo, huenda wakawahi kuwa tayari kuliko wahitimu wetu.

Mimi nina kontrola mbili za pampu, inveta tatu na betri za lithiamu zilizokataa chaji, zote zimekufa kwa sababu ninazozijua na nimeziandika kwenye karatasi. Nazitoa bure kwa chuo chochote cha mkoa huu kitakachokubali kuzitungia mtihani. Karatasi ya majibu nitamkabidhi mtahini mkononi. Kinachotakiwa ni gari la kuja kuzibeba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme, Singida mjini