Taji bila kiti

Kila mwaka, katika miji yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuko usiku mmoja wa kumvika binti taji. Muziki unapiga, wakubwa wamekaa mstari wa mbele, mama mzazi analia kwa furaha, wapiga foto wanasukumana. Kesho yake redio inataja jina lake. Na kisha? Hilo ndilo swali langu katika kurasa hizi, na sitaliuliza kwa upole. Kisha tunamtupa. Tena tunamtupa siku ile ile ya kumpigia makofi, juu tumempa cheo kisicho na kazi, kisicho na franga, kisicho na mlinzi. Tumempa taji, hatukumpa kiti.

Mabishano juu ya Miss yanajulikana. Upande mmoja kuko wazee, wachungaji na baadhi ya walimu wenzangu wenye kusema: hii si desturi yetu, huu ni uchi, haya ni mambo ya Wazungu. Upande mwingine kuko waandaaji na vijana wenye kujibu: dunia inaendelea, Miss ni balozi wa utamaduni wetu, acheni wivu. Kila mwaka wanagombana juu ya urefu wa nguo. Sijasikia hata mmoja wao akiuliza binti huyu anaishi namna gani mwezi wa tatu baada ya taji.

Tuanze na wazee, kwani heshima inaanzia kwao. Ni kweli kabisa, mashindano haya hayakutoka kwa wankambo wetu. Kati ya yale ya kwanza yenye kukumbukwa kuko yale ya Spa, mji mdogo wa Ubelgiji, mwezi wa 9 mwaka 1888. Mshindi alikuwa Bertha Soucaret, binti wa miaka 18 kutoka Guadeloupe, kisiwa cha Wafaransa, naye akapewa franga 5.000. Wakati huo Léopold II, mfalme wa Wabelgiji wale wale, alikuwa amekwisha kujitwalia nchi yetu tangu 1885. Kwa hiyo mzee mwenye kusema "ni mambo ya Wazungu" hakosi. Lakini suti yake ni ya nani? Diploma yangu ni ya nani? Na ule mpira wa TP Mazembe wenye kutukausha sauti kila dimanshi, aliuleta nkambo gani? Jambo likitoka mbali, tunaliangalia, tunalipima, tunalipa sheria yetu. Kulitukana mchana na kwenda kuliangalia usiku, hiyo si desturi.

Juu ya uchi, tuwe wakweli pia. Kwa Baluba uzuri wa mwanamke haukufichwa, ulitengenezwa. Nywele zilisukwa kwa saa nyingi, alama za ntapo zilichanjwa kwenye ngozi, na mwili ulisomwa kama sisi tunavyosoma kitabu. Waangalieni wale wanawake wa mbao wenye kubeba viti vya wafalme wa Baluba: hawakuvishwa kikwembe, na hakuna mtu mwenye kuwaita wahuni. Na ninyi mliokuwa watu wazima siku za otantisite, mnakumbuka vizuri. Kwa jina la asili yetu, wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Lakini wakati ule ule walipangwa mistari mu viwanja, jua kali, kucheza na kuimba mbele ya viongozi, na hiyo iliitwa animasyo ya kisiasa. Nguo zilikuwa ndefu, vikwembe vilifika chini. Je, heshima yao ilikuwa ndefu vile vile? Basi, tuache kupima heshima ya mtoto wa mtu kwa santimeta.

Sasa nawageukia waandaaji, na kwao sina haya. Mnasema Miss ni balozi. Balozi gani? Balozi ana barua ya kazi, ana nyumba, ana mshahara, ana mtu wa kumsemea. Huyu wa kwenu anapanda takisi-basi kwa franga zake mwenyewe, esharpe ameificha ndani ya sakoshi ili wapita njia wasimcheke.

Sisi walimu wa sekondari tunayaona maisha hayo kwa karibu, kwani mabinti hao wengi wametoka tu katika madarasa yetu, na wengine bado wamo. Dimanshi asubuhi, nguo nzuri ya usiku ule inarudi kwa fundi, kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Zawadi zinahesabiwa: telefoni moja, bahasha yenye imekwisha kupunguzwa njiani, ahadi ya masomo iliyotamkwa kwa mikrofoni bila karatasi, na motoka iliyoonekana katika picha peke yake. Lundi, lupango imejaa. Mjomba aliyekosa franga za shule miaka yote anafika wa kwanza. Vijana wa kartie wanamsimamisha njiani: "Njo Miss yetu huyu! Miss, utupatie ya sukre!" Akipanda takisi-moto, wanashangaa: "Eh! Miss mu moto?" Akimsaidia mama yake kuuzisha makala sokoni, wanacheka zaidi. Kumbe tumemfunga pande mbili. Kuishi kama wenzake, amekatazwa na cheo. Kuishi kama Miss, amekatazwa na mfuko.

Kila samedi anaalikwa. Leo ni kufungua magazini, kesho ni mkutano juu ya sida, kesho kutwa ni kombe la kartie. Anaombwa afike msafi, nywele mpya, kucha zimepakwa rangi, viatu virefu. Malipo? "Utakula pale pale." Deni linabaki kwa msusi, deni linabaki kwa fundi wa nguo. Mtu mwingine akifanya kazi siku nzima kwa sahani ya bukari, tunasema ameonewa. Miss akifanya hivyo, tunasema ana bahati.

Na kuko lile jambo lenye tunalinong'ona mu pembe na hatulisemi mu mkutano. Telefoni yake inalia saa nne ya usiku. Mkubwa fulani, mwenye kutoa franga za mashindano, anataka "kusalimia". Nani alitoa namba yake? Mara nyingi ni mtu wa komite, yule yule mwenye kupaswa kumchunga. Akikataa, mialiko inapungua, na ile ahadi ya masomo inasahauliwa. Akikubali, mji wote unajua kabla jua kutoka, na wale wale wazee wa uchi wanasema: si tulisema? Hapa inafaa kukumbusha kwamba tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006, kumsumbua mtu kwa kutaka mwili wake huku unatumikisha mamlaka yako ni kosa la jinai katika nchi yetu. Si mzaha, si "mambo ya vijana". Ni kosa.

Mwisho wa mwaka anarudi jukwaani kumvika mwingine. Hata taji yenyewe anairudisha, juu ni moja tu. Anabaki na foto, madeni, na mara nyingine mwaka wa shule uliopotea. Mwaka 1985, huko Miami, Benita Mureka Tete, Miss wa Zaïre, alishika nafasi ya tatu katika Miss Universe, mbele ya mabinti wa nchi tajiri nyingi. Waulizeni wanafunzi wenu kama wanalijua jina lake. Mimi niliuliza darasa zima, hakuna mkono hata mmoja ulioinuka.

Sasa, kwa kuwa kijitabu hiki ni cha mila, tuwaulize wankambo swali la kweli. Siyo "mlivaa nini?", lakini: mtu mlipompa cheo, mlimpa nini pamoja na cheo?

Kwa Baluba jibu ni wazi. Mulopwe alipokufa, roho yake ilikaa ndani ya mwanamke mwenye kuitwa Mwadi. Mwanamke huyo hakupewa jina tu. Alipewa makao ya mfalme, kitenta, alichunga vitu vyake vitakatifu, na watu wa baraza la zamani walibaki kumheshimu. Ndiyo maana ya kiti kwetu: si mbao ya kukalia, ni mahali pa mtu katika jamii, pamoja na watu wenye kumjibia. Kwa Babemba, msichana mwenye kuingia chisungu alikuwa na nachimbusa, mama mwenye kumfundisha na kumsimamia. Audrey Richards, mtaalamu Mwingereza, aliangalia chisungu moja mwaka 1931, upande ule wenye leo tunauita Zambia. Ilidumu siku 23. Na nachimbusa hakumwacha msichana siku ngoma ilipokwisha. Mara nyingi ndiye alikuwa pia mkunga wake. Na Watshokwe? Ile maski nzuri ya Mwana Pwo, yenye sura ya mwanamke, mchezaji alimpa mchongaji pete ya shaba, kama mahari. Msikie vizuri: hata uso wa mbao ulitolewa mahari! Sisi tunachukua uso wa binti mwenye damu, tunaubandika kwenye matangazo ya pombe na ya simu, na hatumpi hata pete.

Kwa hiyo mwenye kusema mashindano haya yanavunja desturi, ana haki, lakini si kwa sababu anayoidhani. Yanavunja desturi kwa sababu yanatoa cheo bila kiti. Na hiyo kwa wankambo wetu ingekuwa aibu ya watoaji, si ya binti.

Wataniambia: mwalimu, hakuna franga. Franga za sono ziko. Franga za hema, za pombe ya wageni, za mwanamuziki aliyeletwa na ndege, zote ziko. Zinakwisha wakati wa kumfikia yule mwenye tulikuja kwa ajili yake. Wataniambia pia: alitaka mwenyewe. Ndiyo, alitaka. Mtoto wa miaka 18 au 19 anataka mambo mengi, na ndiyo sababu kuko watu wazima. Wengine watasema kwamba mahali pote ni vile. Hapana. Afrika ya Kusini, mwaka 2019, Zozibini Tunzi alipovikwa taji alipata randi milioni 1, nyumba ya kukaa na motoka ya kutumikisha katika mwaka wake. Alikuwa na mahali pa kulala na kazi ya kufanya. Mwezi wa 12 wa mwaka ule ule, huko Atlanta, akawa Miss Universe, na nywele zake fupi za asili kichwani. Wazee wa otantisite wangefurahi.

Lakini franga peke yake haitoshi, na jirani zetu wametupa funzo. Rwanda, mwezi wa 4 mwaka 2022, mkuu wa kampuni yenye kuandaa Miss Rwanda alikamatwa kwa mashitaka ya kusumbua mabinti wa mashindano. Mwezi wa 5 serikali ikayasimamisha. Mashindano yale yalikuwa na wafadhili, yalikuwa na zawadi kubwa, yalikuwa yanaonyeshwa katika televizyo. Basi, kama mahali penye franga mlango wa binti unahitaji mlinzi, sembuse kwetu?

Siombi mashindano yafungwe. Naomba yapewe sheria, kama tulivyolipa sheria kila jambo geni tulilolikubali. Kwanza, kontra yenye kuandikwa na kutiwa sahihi mbele ya wazazi kabla ya mashindano, si baada: zawadi gani, kazi gani, siku ngapi kwa mwezi. Pili, franga za masomo zilipwe moja kwa moja kwa shule au chuo kikuu, na Miss mwenye kusoma asiitwe siku za masomo, zaidi sana mwaka wa egzameni ya Serikali. Tatu, kila mwaliko ulipwe, nauli na nywele zihesabiwe. Mwenye hana, afungue magazini yake peke yake. Ine, awe na nachimbusa wake: mama mmoja mwenye heshima, asiye wa komite, ambaye telefoni zote zinapitia kwake. Tano, juri isome alama zake mbele ya watu, ili mshindi asianze cheo chake chini ya uvumi.

Hakuna jambo hata moja hapo lenye kuhitaji mkopo wa kigeni. Linahitaji tu watu wenye haya. Na watu hao tuko sisi wenyewe, juu waandaaji wanapotafuta uso wa heshima kwa juri yao, wanakuja kwetu: walimu, wauguzi, watu wa vyama vya utamaduni. Wanatupa kiti cha mbele, chupa ya maji na karatasi ya alama. Ndugu msomaji, wakikualika mwaka huu, usiandike alama ya kwanza kabla ya kuuliza: kontra ya binti iko wapi? Wakikuonyesha, isome yote. Wakikuambia itakuja kesho, simama, uache kiti chako tupu, na utoke mbele ya watu wote.