Njia Nyeupe si Bidhaa

Majuzi nililetewa tangazo nilifasiri. Lilisifu "mmea wa ndoto wa Afrika", likaahidi usingizi wenye maono, na mwishoni likatamka: salama kabisa. Mimi sikuisomea tafsiri darasani, ila najua kwamba mfasiri anapoandika "salama" naye huwa ametia sahihi.

Nianze na jina. Mmea gani, na Afrika ya nani? Jina hilo la sokoni limefunika mimea miwili. Mmoja, Silene undulata, ni mmea mdogo wa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, wenye maua meupe yafumbukayo usiku. Waxhosa huuita undlela ziimhlophe, njia nyeupe. Mzizi wake husagwa, ukakorogwa majini kwa kijiti hata ukafura povu, nalo povu hunywewa kabla ya kula. Wa pili, Entada rheedii, ni mmea mkubwa utambaao juu ya miti. Mbegu zake za kahawia, kubwa kupita komwe zetu za bao, huelea baharini hadi fukwe za mbali. Anunuaye kwa jina moja atajuaje ameletewa upi?

Povu lile ni kazi ya saponini, ambayo huwasha tumbo na ikizidi hutapisha. Walao mbegu za Entada huziloweka na kuzipika kwanza. Mtasema ni mila tu. Mimi nasema ni elimu ya usalama, iliyoandikwa katika mikono ya watu badala ya karatasi.

Kwa Waxhosa mwanafunzi wa uganga hanywi peke yake. Yupo mwalimu wa kumpimia, na asubuhi yupo wa kuisikiliza ndoto. Manton Hirst aliyaeleza hayo mwaka 2005, na sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2007 ikawatambua waganga wa jadi. Tangazo limemfuta mwalimu, likabakisha unga na bei. Kipimo kilichothibitishwa kwa majaribio ya kutosha kwa binadamu hakipo. Mja mzito je? Na anywaye dawa za presha? Eti cha asili hakidhuru! Hata mbono ni wa asili, na punje zake huua.

Nililirudisha tangazo pamoja na fedha za kutangulizia. Mwenyewe akazihesabu, kisha akaniuliza kama namjua mfasiri mwingine.