Leza Imeshinda, Mwenye Hisa Je?

Leza ya kwanza iliwaka Mei 1960 katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, mikononi mwa Theodore Maiman. Leo inasoma bei dukani, inarekebisha macho, inakata chuma, na ndiyo inayosafirisha sauti na picha zetu ndani ya mikongo ya baharini iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Kwa hiyo mtu akisema anataka kuweka akiba yake katika kampuni za leza kwa kuwa hii ndiyo teknolojia ya kesho, kuhusu leza tutakubaliana. Kuhusu akiba, tukae kwanza tuongee.

Tuanze na JDS Uniphase. Ilizaliwa 1999 kwa muungano wa JDS Fitel ya Canada na Uniphase ya Marekani, ikatengeneza leza na vifaa vya kupitishia mwanga katika nyaya za faiba. Wakati huo kampuni za simu zilikuwa zikikopa na kutandaza nyaya usiku na mchana. Oda zikafurika, hisa ikapita dola 140 Machi 2000, na Julai mwaka huo JDS Uniphase ikatangaza kuinunua kampuni ya SDL kwa takriban dola bilioni 41. Haikutoa fedha taslimu. Ilitoa hisa zake yenyewe, karatasi iliyovimba ikinunua karatasi nyingine iliyovimba. Kumbe ufundi wenyewe ulikuwa ukiwachimbia kaburi wenye nyaya: wahandisi walishajua kupitisha rangi nyingi za mwanga katika uzi mmoja, kila rangi na ujumbe wake, hata uzi mmoja ukafanya kazi ya dazeni nzima. Nyaya kibao zikabaki ardhini bila kuwashwa. Kati ya wenye nyaya hao, Global Crossing ikafilisika, WorldCom ikafuata, zote mwaka 2002. JDS Uniphase ilitangaza hasara ya zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka wa fedha wa 2001, na aliyenunua hisa zikiwa kileleni akaziona zikishuka chini ya dola 3.

Leza haikushindwa hata siku moja katika kisa hicho. Data iliendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka. Waliofaidi ni waliokuja nyuma, wakakuta nyaya zimelala na kuzichukua kwa bei ya chee.

Kisa cha IPG Photonics hakina kishindo hicho, lakini mimi kinanitia hofu zaidi. Ilianzishwa karibu na Moscow mwaka 1990 na mwanafizikia Valentin Gapontsev, ikahamia Massachusetts, ikaingia soko la Nasdaq 2006. Ndiyo iliyozifikisha viwandani leza za nyuzi, zile zinazokata chuma, na kwa miaka mingi ilijipangia bei. Kisha Raycus ya Wuhan na wenzake wakajifunza kutengeneza kitu kile kile kwa bei nafuu, tena ndani ya China, soko lililokuwa kubwa kuliko yote kwa IPG. Bei zikaporomoka. Leo mashine za kukata chuma kwa leza zimefika hadi karakana za Nairobi na Dar es Salaam. Fundi anashukuru, na ana haki; punguzo lake lilitoka mfukoni mwa mwenye hisa.

Ndiyo maana kwangu swali la kwanza ni nani anayepanga bei. ASML ya Uholanzi hutengeneza mashine za kuchapia chipu ambazo hupiga kwa leza matone ya bati iliyoyeyuka, yapatayo 50,000 kila sekunde, ili kupata mwanga wenye mawimbi mafupi mno. Hakuna kampuni nyingine inayouza mashine hiyo, hivyo mnunuzi hana pa kukimbilia. Leza yenyewe hutoka Trumpf ya Ujerumani, mali ya familia, isiyouza hisa sokoni. Anayetaka kuifaidi analazimika kupitia kwa mteja wake. Na siasa zipo: chini ya shinikizo la Marekani, Uholanzi haijaruhusu mashine hizo ziuzwe China.

Kampuni za leza za kuyapa magari macho sina mengi ya kuzisemea. Mojawapo, Quanergy, iliingia sokoni Februari 2022, ikaomba ulinzi wa kufilisika Desemba hiyo hiyo.

Sasa gumzo limehamia vituo vya data vya akili mnemba, vinavyohitaji leza kuunganisha kompyuta zake. Mojawapo ya kampuni zinazotajwa sana ni Lumentum, ambayo ilimegwa kutoka JDS Uniphase hiyo hiyo mwaka 2015. Safari hii wanunuzi wengi ni matajiri wenye mapato yao makubwa, tofauti na wakopaji wa mwaka 2000, na hiyo ni tofauti ya kweli. Lakini ni wachache, na mmoja wao akisitisha ujenzi kwa robo mwaka tu, oda zinakauka. Kanuni za uhasibu za Marekani huzitaka kampuni zilizo sokoni zieleze pale mteja mmoja anapofikia asilimia 10 ya mapato. Kabla ya kununua hisa hata moja kwa programu ya simu, mimi ningefungua ripoti ya mwaka kwenye kipengele hicho, kisha nitazame kama bidhaa zilizolala ghalani zinaongezeka haraka kuliko mauzo.