Si kila lakiri yenye kihisi inastahili hataza

Lori litokapo katika lango la bandari ya Mombasa likiwa na kontena la mali inayokwenda Kampala au Kigali, mlangoni mwa kontena hilo hufungwa kifaa ambacho wengi wetu hatukitazami mara mbili. Madereva hukiita sili. Katika Kiswahili cha forodha ni lakiri. Hapo zamani lakiri ilikuwa kipande cha risasi na uzi wa waya, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumwonyesha ofisa wa Malaba kwamba mlango uliofungwa Mombasa haukufunguliwa njiani. Siku hizi lakiri ina betri, ina kihisi kinachotambua inapokatwa au kufunguliwa, na ina mtambo wa simu unaotuma habari kwa maofisa waliokaa mbele ya viooo vya kompyuta Nairobi. Tangu mwaka 2017, mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo mmoja wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya aina hiyo. Lakiri imepata macho, na imepata ulimi.

Jambo ninalotaka kulizungumzia leo ni hili: mtu akienda katika ofisi ya hataza na kusema, "Nimevumbua lakiri yenye kihisi ndani yake," ajibiwe nini?

Yamkini msomaji atasema kwamba hilo ni shauri la mawakili na wahandisi, wala halimhusu mwenye duka la Eldoret au mkulima wa maua wa Naivasha. La hasha. Hataza si cheti cha kutundika ukutani. Ni haki ya kuwazuia watu wengine wote kutengeneza, kuuza, kuingiza nchini au kutumia kitu fulani kwa muda wa miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Mtu akipewa hataza ya lakiri yenye kihisi kwa maneno mapana, amekabidhiwa kizuizi cha barabara nzima ya kutoka Mombasa hadi Malaba, na kila apitaye atamlipa. Mwenye lori atalipa, naye atamdai mwenye mzigo, na mwenye mzigo atamdai yule anunuaye sukari au vipuri dukani. Ndiyo sababu nasema kwamba mtahini wa hataza, mtu asiyejulikana na yeyote na ambaye jina lake halitokei magazetini, ana mkono katika bei ya vitu.

Itakumbukwa kuwa hadi mwaka 1990 nchi hii haikuwa na utahini wake wenyewe wa hataza. Mvumbuzi alilazimika kwanza kupata hataza Uingereza, kisha akaja kuisajili hapa, kana kwamba akili ya Mkenya ilihitaji viza. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 1989 ndiyo iliyoondoa fedheha hiyo. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 2001 tunayoitumia hata leo, na kwa sheria hiyo ikaundwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, mwaka 2002. Sheria inadai mambo matatu. Uvumbuzi uwe mpya, si Kenya tu bali popote duniani. Uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi hiyo angelifikia bila taabu. Na uweze kutumika katika kazi za viwanda, kilimo au huduma.

Sharti la tatu halina ugomvi. La kwanza huamuliwa kwa kutafuta, na hapa mwombaji wa hataza ya lakiri angeona kwamba amechelewa sana. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna, wametumia kwa miaka mingi lakiri zenye nyuzi za kioo zipitishazo mwanga: uzi ukikatwa au kufunguliwa, mwanga hukatika, na kifaa huandika saa jambo hilo lilipotokea. Shirika la Kimataifa la Viwango nalo lilitoa kanuni za lakiri za kielektroniki za makontena mwaka 2007. Kwa hivyo asije mtu kutuambia leo kwamba wazo la kutia kihisi katika lakiri ni lake. Wazo hilo ni mali ya umma, kama njia ya kwendea mtoni.

Ugumu uko katika sharti la pili. Waombaji wa siku hizi ni werevu. Hawadai wazo tupu. Hudai lakiri yenye uzi wa kutambua ukataji, pamoja na kihisi cha joto, pamoja na kihisi cha mtikisiko, pamoja na kitambua mahali, pamoja na mtambo wa kutuma habari. Mtahini akitafuta hapati kijalada kimoja chenye vyote hivyo. Basi ni kipya? Kwa maana finyu ya neno, ni kipya. Lakini je, kuna uvumbuzi hapo, au kuna kapu tu lililojazwa vitu vya sokoni?

Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1890, katika kesi ya Williams dhidi ya Nye, mahakama ya Uingereza ililetewa hataza ya mashine ya soseji. Mwenye hataza alikuwa amechukua mashine ya kusaga nyama iliyojulikana, akaiunganisha na mashine ya kujaza soseji iliyojulikana vilevile, akaziweka katika chombo kimoja. Chombo kilifaa, na wachinjaji walikipenda. Hata hivyo mahakama ilikataa, kwa kuwa kila sehemu ilikuwa ikiendelea kufanya kazi yake ile ile ya awali, wala kukaa kwao pamoja hakukuzaa jambo la ziada.

Karne moja na zaidi baadaye, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ililetewa jambo linalokaribiana zaidi na letu. Kampuni ya Teleflex ilikuwa na haki ya hataza ya kanyagio la mafuta la gari lenye kihisi cha kielektroniki. Kanyagio lenyewe, linaloweza kusogezwa mbele na nyuma kwa kimo cha dereva, lilikuwa limekwisha kuvumbuliwa na mtu mwingine. Vihisi navyo vilikuwapo. Ilijulikana pia kwamba kihisi kikiwekwa mahali panaposogea nyaya zake husuguka na kuharibika, hivyo ni busara kukifunga mahali pasiposogea. Kampuni ya KSR ya Kanada iliposhtakiwa kwa kutengeneza kitu kama hicho, ilijibu kwamba hapo hapakuwa na lolote la kumilikiwa. Mahakama ya chini iliikubalia KSR, mahakama ya rufani ya hataza ikaikatalia, na tarehe 30 Aprili 2007 majaji wote tisa wakaamua kwa kauli moja kwamba dai lile la hataza lilikuwa batili. Jaji Kennedy, aliyeiandika hukumu, alieleza kwamba fundi wa kawaida si mashine inayongoja kuamriwa. Naye ana ubunifu wake wa kawaida, na aweza kuunganisha mambo mawili kama mtu aunganishavyo vipande vya fumbo la picha.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, wala sisemi tuinakili. Nasema kwamba wahenga wetu walikuwa wamekwisha kutupa mizani yenyewe waliposema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Vijinga viwili vikilazwa bega kwa bega bila kuwaka, hivyo ni kuni tu. Vikikutana ukazuka moto ambao kimoja peke yake hakikuwa nao, hapo pana jambo. Mtahini aliyeletewa lakiri yenye vihisi vitano na aulize: moto uko wapi?

Na moto waweza kuwapo! Mgala muue na haki umpe. Anayedhani kwamba lakiri yenye kihisi ni jambo jepesi na afuatane na lori kutoka Mariakani kwenda Malaba. Kontena ni sanduku la chuma, na chuma huzuia mawimbi ya redio. Kihisi kilichomo ndani hakisikiki nje ila kwa hila. Betri lazima idumu safari nzima, na pia siku ambazo lori limelala kwenye foleni mpakani, huku ikichemka kwa jua la Voi. Barabara hutikisa, na mtikisiko waweza kufanana na patasi ya mwizi. Lakiri ikipiga kelele kwa kila shimo la barabarani, maofisa watachoka nayo na kuipuuza, na siku mwizi atakapokuja kweli hakuna atakayeondoka kitini. Dereva mmoja aliniambia kwamba hofu yake kubwa si majambazi bali ni lakiri yenyewe kusema uongo, maana ikisema imefunguliwa, yeye ndiye wa kwanza kuhojiwa. Sasa, mtu akitafuta njia ambayo haikujulikana ya kutofautisha mtikisiko wa shimo na mkato wa patasi kwa umeme mchache, huyo ameondoa shida ya kweli. Apewe hataza, na apewe kwa furaha. Lakini dai lake liishie kwenye njia yake hiyo, lisipanuliwe likameza kila lakiri inayohisi mtikisiko.

Uvumbuzi mkubwa hauhitaji hata betri. Wauguzi wa zahanati zetu wanaijua alama ndogo iliyobandikwa kwenye chupa za chanjo, ambayo ilianza kutumika katika chanjo ya polio ya matone mwaka 1996. Ni duara lenye mraba ndani yake. Mraba huo hugeuka rangi polepole kwa kadiri ya joto iliyoipata chupa tangu itoke kiwandani. Ukilingana na duara kwa weusi au ukiuzidi, chanjo haifai tena. Hiyo nayo ni kihisi kilichofungwa juu ya mali ya thamani, kisicho na waya wala mtambo, na mtu asiyejua kusoma aweza kukielewa. Nikipima werevu wa alama ile na werevu wa kapu la vihisi vitano, sioni taabu ya kuchagua.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo haina budi kutajwa. Kitendawili kikishateguliwa, kila mtu barazani hudai kwamba alikuwa akijua jibu. Mtahini anayesoma maelezo ya uvumbuzi amekwisha kupewa jibu, na ni rahisi kwake kusema kwamba jambo lilikuwa wazi tangu hapo. Mvumbuzi maskini ndiye aumiaye zaidi kwa kosa hilo, kwa kuwa hana wakili wa kumtetea. Kwa hiyo haitoshi mtahini kuandika kwamba fundi wa kawaida angelifanya hivyo. Aonyeshe ni vijalada gani vilivyokuwapo kabla ya ombi, na ni sababu gani ingelimfanya fundi huyo aviunganishe.

Aidha, sheria yetu ina mlango mwingine ambao mafundi wa Gikomba na Kariobangi hawauelewi vya kutosha: cheti cha uvumbuzi mdogo, kidumucho miaka 10, ambacho hakidai hatua kubwa ya uvumbuzi kama hataza. Fundi aliyeirekebisha komeo ya lakiri ili isishike kutu, au ili ifungwe kwa mkono mmoja, mahali pake ni hapo. Mafundi wetu wengi huonyesha kazi zao katika maonyesho ya kilimo na biashara kisha hukaa. Sheria huwapa miezi 12 tangu wao wenyewe walipokitangaza kitu chao ili wapeleke ombi. Baada ya hapo kuonyesha kwao kwenyewe huwa ushahidi dhidi yao.

Lawama zangu, hata hivyo, si kwa KIPI pekee. Sheria inampa mtu mwenye maslahi muda wa miezi tisa tangu kutangazwa kwa hataza kwenda mbele ya Baraza la Mali ya Viwanda kuomba ifutwe. Hataza nyingine huja kupitia shirika la kikanda la ARIPO lililoko Harare, na nchi yetu hupewa miezi sita ya kusema kwamba haitaitambua. Asiyekuwepo na lake halipo. Wenye malori wanajua kuandamana dhidi ya bei ya dizeli, na wanajua kugoma mpakani. Je, wana mtu hata mmoja wa kusoma jarida la hataza kila mwezi na kupiga mbiu anapoona dai pana juu ya lakiri? Vyama vya wahandisi vina mtu huyo? Vyuo vikuu vyetu, vyenye idara za umeme na maktaba, vina mtu huyo?

Ningependa kuona watahini wa KIPI wakipelekwa Mombasa na Malaba kwa wiki chache kila mwaka, wakae na maofisa wa forodha wanaofungua lakiri na mafundi wanaozitengeneza zikiharibika. Huko watajua ni shida gani iliyokwisha kupata dawa zamani na ni ipi ambayo bado inawahangaisha watu, jambo ambalo hakuna kijalada kitakachowaeleza kikamilifu. Gharama yake ni nauli na malazi ya watu wachache, na Hazina ya Taifa haiwezi kusema kwamba haina fedha hizo.