Mifupa Ikimuuma Mgonjwa wa Figo

Mtu mzima akilalamika mgongo, nyonga au magoti, wengi wetu husema ni baridi yabisi, au ni uzee tu. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa figo tusiwe wepesi kusema hivyo. Huenda chanzo ni figo zenyewe.

Kazi ya figo si kutengeneza mkojo tu. Huondoa madini ya fosforasi yaliyozidi katika damu, na huikamilisha vitamini D ili mwili ufyonze kalsiamu ya chakula. Figo zikidhoofika, fosforasi hujaa na kalsiamu hupungua. Hapo tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Ni kama familia inayokula mbegu: leo imeshiba, lakini msimu ujao itapanda nini?

Mifupa hudhoofika kimya kimya, kisha huanza kuuma, na huweza kuvunjika mgonjwa akianguka kidogo tu. Wengine huwashwa mwili mzima. Wengine hupata jongo, kidole gumba cha mguu kikavimba na kuuma sana, kwa kuwa figo zimeshindwa kutoa asidi ya yuriki.

Tuzingatie haya:

1. Usimnunulie dawa za maumivu dukani. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuziumiza figo zaidi. Muulize daktari dawa inayomfaa.

2. Usimpe vidonge vya kalsiamu kwa kubahatisha. Ikizidi huganda kwenye mishipa ya damu. Damu ipimwe kwanza: kalsiamu, fosforasi na homoni ya tezi hizo.

3. Akiandikiwa dawa ya kuzuia fosforasi, aimeze pamoja na chakula, maana huinasa fosforasi humo humo tumboni.

4. Fosforasi ni nyingi katika dagaa, maziwa, soseji na soda nyeusi za kola. Mtaalamu wa lishe amwelekeze kiasi. Asijinyime kila kitu akadhoofu.

Basi, kikundi chenu cha kanisa kikienda kumtazama mgonjwa wa figo, msibebe kreti ya soda. Waulizeni wa nyumbani kwanza ameruhusiwa nini. Mwombeeni, kisha mmoja wenu ajitolee kumsindikiza kliniki, akamweleze daktari kwamba mifupa inamuuma. Wagonjwa wengi hunyamaza, wakidhani hayo hayahusiani na figo.