Pumzi ya Mtoto na Fimbo ya Mwalimu

Siku hizi zatufikia habari za mafundisho ya yoga na ya kutuliza fikira, ambayo husemwa kuwa yawafaa watoto wa shule. Mtoto huketi wima, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, mpaka moyo uliokuwa ukienda mbio ukatulia. Asili yake ni Bara Hindi. Na jirani zetu wa Nairobi, tangu mwaka 2007, wana shirika la Africa Yoga Project linalowafunza vijana kuwa walimu wa mazoezi hayo.

Wako wazazi wa Morogoro watakaoguna kwamba hiyo ni dini ya kigeni, na wako watakaocheka. Sisi hatuguni wala hatucheki. Pumzi haina dhehebu, na kuitoa polepole hupunguza kweli mwendo wa mapigo ya moyo. Tena, nchi iliyowalea watoto wake kwa mchakamchaka wa asubuhi haiwezi kusema kwamba zoezi la mwili shuleni ni jambo geni. Mwalimu akipenda kulianza somo kwa dakika tano za namna hiyo, na afanye.

Lakini twauliza: moyo wa mtoto huyu waenda mbio kwa sababu gani?

Tuwatazame watoto wetu wenyewe. Yuko wa milimani Uluguru, ambaye alfajiri huteremka njia ya utelezi kwenda shule, huku mama yake ametangulia na mzigo wa ndizi kichwani kuelekea mjini. Yuko wa Kihonda, ambaye baba yake hufanya zamu ya usiku kiwandani, hata wakapita siku nyingi pasipo kuzungumza. Na wako waliofiwa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa wakazidi 100. Marehemu hao waliacha watoto. Aghalabu katika misiba yetu mtoto huambiwa kwamba baba amesafiri, kisha huachwa akisubiri safari isiyo na marejeo, wala hakuna amwulizaye ana nini.

Wazee wa Kiluguru walikuwa na njia zao. Ukoo ulifuata upande wa mama, na mtoto alikuwa na mjomba wa kumkimbilia. Msibani walikuja watani, wakafanya mizaha mpaka mfiwa akacheka katikati ya machozi. Jioni palikuwa na bibi na vitendawili vyake. Hatusemi kwamba zamani watoto hawakupigwa, walipigwa. Twasema tu kwamba palikuwa na mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kuwasikiliza, na hapo ndipo tulipopunguza mno.

Sasa tuingie darasani. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2009. Karibu robo tatu ya vijana walioulizwa, wa kike na wa kiume, walisema kwamba walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na zaidi ya nusu waliwataja walimu. Basi fikiri, ndugu msomaji: saa mbili asubuhi mtoto aambiwe fumba macho, vuta pumzi, hapa u salama, na saa nne achapwe kwa kukosea hesabu. Ataliamini neno lipi?

Wenzetu wa Uingereza walilijaribu jambo hili kwa upana, wakawatazama wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliofundishwa kutuliza fikira hawakupata nafuu ya moyo kuliko wenzao waliopewa mafundisho ya kawaida. Wengi hawakulifanya zoezi lile nyumbani. Na ni mtoto gani apendaye kuongezewa kazi ya nyumbani?

Uganda ilitazamwa kwa upande mwingine. Katika wilaya ya Luwero shule za msingi 42 ziliingia katika jaribio, nusu yake zikapewa mpango uitwao Good School Toolkit, wa shirika la Raising Voices. Hapo hakufundishwa mtoto peke yake. Walimu, wakuu wa shule, wanafunzi na wazazi walishirikishwa kuibadili shule nzima. Matokeo ya mwaka 2015 yalikuwa kwamba vipigo vya walimu kwa wanafunzi vilipungua kwa asilimia 42. Kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, walimu walifundishwa katika vikundi namna ya kuizuia hasira yao, lakini vipigo havikupungua. Twaona kwamba hata utulivu wa mwalimu hautoshi, iwapo watu wote wanaomzunguka wangali wanaiamini fimbo.

Hatumtukani mwalimu. Mwenye watoto themanini katika chumba kimoja anahitaji msaada kuliko lawama. Na wazazi nasi tuna fungu letu katika kosa hili, kwani ni sisi tuendao shuleni kumwambia, “Mchape, niachie mifupa tu.”

Kenya iliiondoa fimbo shuleni mwaka 2001, na Uganda ikaipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2016. Kanuni zetu za mwaka 2002 ziliiruhusu, ila ziliiwekea mpaka: isizidi viboko vinne, aitumie mwalimu mkuu, au yule aliyempa idhini kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sisi twataka iondolewe kabisa. Lakini wakati tukilisubiri hilo, iko kazi iwezekanayo leo. Kamati za shule za Bigwa, Kihonda, Mgeta na kwingineko mkoani zikutane, na mzazi asimame, kwa adabu, aombe kuonyeshwa kitabu hicho cha adhabu. Akiambiwa hakipo, aulize viboko alivyopigwa mwanawe juma lililopita viliandikwa wapi.